Digrii za Uhuru na Swali la Chembe Saba

Ukitamka neno "digrii" hapa chuoni, kila mtu anawaza joho, picha za mahafali na wazazi waliosafiri usiku kucha na basi. Leo nazungumzia digrii nyingine. Hizi hazina ada, hazina sapu, na hakuna aliyewahi kudisko kwa ajili yake peke yake. Ni digrii za uhuru, zile tunazokutana nazo kwenye umakanika na baadaye kwenye gesi. Wengi wetu tulizikremu usiku wa kuamkia mtihani, tukazimwaga kwenye karatasi asubuhi, na kufika saa ya chakula cha mchana tulishazisahau.

Naandika kwa sababu nina deni, na mwenye kunidai ni mwanafunzi wa sekondari.

BTP ya mwaka jana nilipangiwa shule moja ya mkoani, Kidato cha Sita, PCM. Siku yenyewe msimamizi kutoka chuo alikuwa amekuja kunikagua. Amekaa nyuma ya darasa na fomu yake, kalamu mkononi, na mimi jasho linanitoka ndani ya shati nililolipiga pasi mara mbili. Nilitaka kueleza kwa nini molekuli ya oksijeni huhesabiwa kuwa na digrii 5 za uhuru. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa:

digrii za uhuru = 3N − K

Nikaeleza kwamba N ni idadi ya chembe, na kila chembe iliyo angani inahitaji namba 3 ili ujue iko wapi. K ni idadi ya masharti. Kila jozi ya chembe ambazo umbali kati yake haubadiliki ni sharti moja, na kila sharti linakula digrii moja. Oksijeni ina chembe 2 na ufito mmoja wa kufikirika unaoziunganisha. Kwa hiyo 6 − 1 = 5. Darasa likaitikia "ndiyooo". Msimamizi akaandika kitu. Nikajiona nimemaliza kazi.

Binti mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. Alikuwa ameshajaza nusu ukurasa wa daftari lake.

"Mwalimu, samahani. Kama kitu ni kigumu, umbali kati ya kila chembe na kila chembe haubadiliki, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Sasa nimejaribu kanuni yako. Chembe 3 zina jozi 3, inabaki 6. Chembe 4 zina jozi 6, inabaki 6. Lakini chembe 5 zina jozi 10, na 15 toa 10 ni 5. Chembe 6 inabaki 3. Chembe 7 inabaki sifuri. Ina maana jiwe lenye chembe saba haliwezi kusogea? Na la chembe nane ni hasi nne."

Darasa likacheka. Mimi nikamtazama msimamizi, nikatazama ubao, nikarudisha macho kwa yule binti. Jibu sikuwa nalo. Nikasema, "Hilo halitoki kwenye mtihani. Kaa, tuendelee."

Akakaa. Kwa wiki zote zilizobaki aliandika nukuu zangu vizuri tu, lakini mkono wake sikuuona tena juu. Fomu ya ukaguzi ilivyorudi, kwenye kipengele cha kulimudu darasa nilikuwa nimepata alama nzuri.

Makala hii ni jibu lake. Nalitoa kwa kuchelewa, ila wewe msomaji huenda ukafaidika, hasa kama na wewe utashika chaki siku moja.

Swali la simu

Kanuni tuiweke pembeni kwanza. Tuanze na maana.

Chukulia una kitu hapa, na rafiki yako yuko kwao mbali, ana kitu kama hichohicho. Unampigia simu. Unatakiwa umpe namba chache kadiri inavyowezekana ili aweke cha kwake sawasawa na kilivyo chako. Idadi ndogo kabisa ya namba zinazotosha, ambazo kila moja inaweza kubadilika bila kuilazimisha nyingine, ndiyo digrii za uhuru za kitu hicho. Basi. Hakuna uchawi zaidi ya hapo.

Siafu anatembea kwenye waya wa kuanikia nguo. Utamwambia rafiki yako nini? "Yuko sentimita 40 kutoka kwenye nguzo." Namba moja imetosha. Digrii ni 1.

Siafu ameshuka, yuko sakafuni. Sasa unasema, "Kutoka kona ya chumba, sentimita 120 kuelekea mlangoni na 75 kuelekea dirishani." Namba mbili, digrii 2. Akiwa ni inzi hewani unaongeza na urefu kutoka chini, zinakuwa 3. Hapo tumemchukulia mdudu kama nukta. Hatujauliza amegeukia wapi.

Tukianza kuuliza kitu kimegeukia wapi, namba zinaongezeka. Weka daftari juu ya meza. Mahali ilipo kona yake moja ni namba 2, halafu limegeuzwa kwa pembe gani ni namba 1. Jumla 3. Liinue daftari hewani bila kulikunja: kona yake inahitaji namba 3, kisha kuna namna tatu za kuligeuza, yaani kulizungusha kama usukani, kuliinamisha mbele na nyuma, na kulilaza kushoto na kulia. Jumla 6. Namba hiyo 6 ikumbuke. Kitu chochote kigumu, kisichopinda, kikiwa huru angani kina digrii 6. Iwe kokoto, iwe jembe, iwe basi zima.

Sasa funga nati kwenye uzi, uitundike kwenye msumari. Ikiwa inabembea kushoto na kulia tu, uzi ukiwa umenyooka muda wote, rafiki yako anahitaji pembe moja: uzi umeegemea nyuzi ngapi kutoka wima. Digrii 1. Ukiiacha ibembee upande wowote, anahitaji pia kujua imeelekea upande gani wa chumba. Digrii 2. Funga uzi wa pili chini ya nati ya kwanza, tundika nati nyingine, halafu zibembee kushoto na kulia tu: pembe mbili, digrii 2.

Njia ya kutoa

Njia ya pili ndiyo ile ya ubaoni. Unaanza na uhuru wote ambao vitu vingekuwa nao kama kila kimoja kingekuwa peke yake, kisha unatoa kila kinachowabana.

Nati inayobembea kushoto na kulia ina namba 2, yaani iko wapi kwa upana na iko wapi kwa urefu. Uzi unasema, "umbali wako kutoka kwenye msumari haubadiliki." Sharti moja. 2 − 1 = 1. Nati mbili: 4 − 2 = 2. Majibu ni yaleyale tuliyopata kwa simu.

Chukua mkasi uliolala mezani. Kila jani la mkasi peke yake lina digrii 3, kama lile daftari, kwa hiyo majani mawili ni 6. Kile kipini cha katikati kinalazimisha tundu la jani moja liwe palepale lilipo tundu la jani la pili, kwa upana na kwa urefu. Masharti 2. 6 − 2 = 4. Hakikisha kwa simu: jani la kwanza namba 3, halafu mkasi umefunguka kiasi gani namba 1. Jumla 4. Safi.

Pengine unajiuliza yote haya ya nini. Nikupe sababu moja kutoka kwenye mada niliyokuwa nafundisha. Gesi ina joto mahususi la aina mbili, moja likipimwa kanieneo isipobadilika, jingine likipimwa ujazo usipobadilika. Uwiano wa haya mawili unatokana na digrii za uhuru za molekuli: ongeza 2 kwenye idadi ya digrii, kisha gawanya kwa idadi hiyohiyo. Heli na agoni ni atomu mojamoja, digrii 3, kwa hiyo 5/3, kama 1.67. Hewa tunayovuta karibu yote ni molekuli za atomu mbilimbili, digrii 5, kwa hiyo 7/5, yaani 1.40. Ukipima maabara, namba hizo ndizo zinazotoka. Kama hewa ingekuwa na digrii 6, uwiano ungekuwa 1.33, na kwa kuwa mwendo wa sauti unategemea kipeuo cha pili cha uwiano huo, sauti isingesafiri kwa mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20. Ingekuwa takriban mita 335. Kwa hiyo ukihesabu vibaya unakuwa umeidanganya hata sauti ya mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya uwanja.

(Mwenye kujua zaidi atasema kwamba ule ufito kati ya atomu mbili si ufito kweli, unaweza kutikisika kama springi. Ni sahihi, lakini kwenye joto la kawaida mtikisiko huo haushiriki. Joto likipanda sana unaanza kushiriki, na uwiano unashuka chini ya 1.40.)

Fundi na mlango wa geto

Nilirudi chuo na swali la chembe saba likiwa linanikera. Nililificha kama mtu anayeficha matokeo. Jibu lilianza kunijia nyumbani, wala sikuwa napiga msuli.

Mlango wa geto langu ulikuwa unagoma. Kuufungua mpaka uegemeze bega. Fundi seremala akaja, akainama, akaweka rula ndefu kwenye bawaba, akasema, "Bawaba zimepishana. Hii ya chini haijakaa kwenye mstari na hii ya juu." Akafungua skrubu, akaisogeza bawaba ya chini kama nusu sentimita, akafunga. Mlango ukaanza kwenda kwa kidole kimoja.

Alipoondoka nikakaa kitandani nikahesabu. Mlango ni kitu kigumu, digrii 6. Bawaba moja inauruhusu kuzunguka tu, digrii 1, kwa hiyo bawaba moja inakula 5. Bawaba mbili zinakula 10. Basi 6 − 10 = −4. Kwa kanuni niliyoandika ubaoni, mlango wowote wenye bawaba mbili haufunguki. Na mlango wa bawaba tatu ni hasi tisa! Lakini milango inafunguka. Babu zetu wamefungua milango maisha yao yote bila kuomba ruhusa kwa kanuni yangu.

Hapo ndipo nilipoona kosa. Bawaba ya juu ikishasema yake yote, mlango umebakiwa na kitu kimoja tu, kuzunguka kwenye mstari ule. Bawaba ya chini ikiwa kwenye mstari uleule, haina jipya la kusema. Inarudia. Ni kama shahidi wa pili mahakamani anayesimama na kusema, "Mimi naungana na mwenzangu." Mashahidi ni wawili, ushahidi ni mmoja. Lakini fundi akiiweka bawaba ya chini nje ya mstari, hairudii tena. Inaleta sharti jipya, ile digrii moja iliyobaki inaliwa, na mlango unagoma. Bega langu lilikuwa linauliza swali la fizikia kila siku asubuhi na mimi sikusikia.

Kwa hiyo ile K kwenye kanuni si idadi ya masharti yote. Ni idadi ya masharti yanayosema kitu kipya. Maneno hayo machache sikuwahi kuyasema darasani, na ndiyo yaliyoniangusha.

Meza inayoyumba

Ukishaliona jambo hili mara moja, utaliona kila mahali. Nenda mgahawani, kaa kwenye meza ya miguu minne, weka chai. Nusu ya meza pale zinayumba, na chini ya mguu mmoja utakuta karatasi iliyokunjwa, mara nyingine ni desa la mtu.

Meza ni kitu kigumu, digrii 6. Kila mguu unaogusa sakafu unaweka sharti moja, kwamba ncha hii isiende juu wala chini. Miguu mitatu inakula 3, zinabaki 3, na kweli meza iliyotulia sakafuni inaweza kusukumwa pande mbili na kuzungushwa, basi. Mguu wa nne je? Sakafu ikiwa sawa kabisa na fundi akiwa amekata miguu sawa kabisa, mguu wa nne unarudia yaliyokwisha kusemwa. Sakafu ikiwa na kasoro kidogo, mguu wa nne unataka kusema jambo lake, lakini mitatu ya kwanza imeshamaliza maneno. Mmoja lazima ubaki hewani. Ndiyo kuyumba kwenyewe.

Wenye jiko la kuni walilijua hili kabla ya sisi sote. Wahenga wanasema figa moja haliinjiki chungu. Ni kweli, na mawili hayatoshi pia. Lakini hujaona mtu akipanga mafiga manne. Mafiga ni matatu, uwanja uwe na mabonde uwe na vilima, chungu kinatulia.

Jibu la chembe saba

Sasa turudi kwa yule binti. Tutengeneze kitu kigumu kwa kuongeza chembe mojamoja, tuone kila mpya inahitaji fito ngapi ili ibanwe isisogee.

Chembe ya kwanza iko huru angani. Namba 3.

Chembe ya pili imefungwa kwa ufito mmoja kwenye ya kwanza. Inaweza kuwa popote juu ya tufe linaloizunguka ya kwanza, na mahali juu ya tufe panahitaji namba 2, kama latitudo na longitudo. Jumla 5. Hapo ndipo oksijeni ilipo.

Chembe ya tatu imefungwa kwa fito mbili, moja kwa kila chembe iliyotangulia. Imebaki na duara tu la kuzunguka. Namba 1. Jumla 6.

Chembe ya nne inafungwa kwa fito tatu, kwa zile tatu zilizotangulia, mradi haijalala kwenye bapa moja nazo. Haina pa kwenda. Namba 0. Jumla inabaki 6.

Chembe ya tano inakuja na namba zake 3, na fito tatu kwa chembe tatu zilizopo zinatosha kuibana. Imeshatulia. Lakini mimi nilimwambia binti ahesabu kila jozi, kwa hiyo aliweka ufito wa nne pia, kutoka kwenye ya tano kwenda kwenye ile iliyobaki. Umbali huo tayari unajulikana! Ufito ule wa nne ni bawaba ya pili, ni mguu wa nne. Hauna jipya. Yeye akautoa kama sharti, ndiyo maana akapata 5 badala ya 6.

Hivi ndivyo hesabu inavyokwenda:

Chembe 4: jozi 6, fito zinazohitajika 6, za kurudia 0.
Chembe 5: jozi 10, fito zinazohitajika 9, ya kurudia 1.
Chembe 6: jozi 15, fito zinazohitajika 12, za kurudia 3.
Chembe 7: jozi 21, fito zinazohitajika 15, za kurudia 6.
Chembe 8: jozi 28, fito zinazohitajika 18, za kurudia 10.

Toa zile zinazohitajika tu. Kwa chembe saba, 21 − 15 = 6. Kwa nane, 24 − 18 = 6. Hata uende chembe milioni, kila inayoongezeka inaleta namba 3 na inabanwa kwa fito 3 mpya, hakuna faida wala hasara. Jiwe lina digrii 6, na linasogea kama mawe yote yanavyosogea.

Hesabu hii ya fito ina historia. Mwaka 1864 James Clerk Maxwell, mwanafizikia wa Uskoti, alichapisha makala kuhusu fremu zilizoungwa kwa vyuma, akaonyesha kwamba fremu ya angani yenye viungo N inahitaji fito 3N − 6 ili isimame bila kulegea. Weka 7 uone: 21 − 6 = 15. Binti wa Kidato cha Sita, kwa peni na daftari, alikuwa ameegemea mlango uleule aliopitia Maxwell. Mimi nikamwambia akae.

Hesabu kutimia si kila kitu

Nimalizie na mtego mmoja ambao ungeniangusha tena kama ningejifanya nimeshajua.

Chora fremu ya geti: miraba miwili iliyoungana ubavu, viungo 6, fito 7. Tuseme ni mchoro kwenye karatasi, hautoki kwenye bapa. Viungo 6 vina namba 12. Kitu kigumu kwenye bapa kina digrii 3, kama lile daftari mezani. Kwa hiyo unahitaji fito 12 − 3 = 9 ili geti lisilegee. Unazo 7, ongeza mbili za mshazari. Tisa zimetimia.

Sasa weka zote mbili kwenye mraba mmoja, ziwe kama herufi X, na mraba wa pili uache wazi. Fito bado ni 9. Kanuni inasema digrii 3, geti gumu. Lakini sukuma kidogo, na ule mraba wa pili utalala kama kreti ya soda iliyokanyagwa. Digrii ziko 4. Ufito mmoja ulirudia kule ambako haukuhitajika, na kule ulikohitajika haukuwepo. Ukiweka mshazari mmoja kwa kila mraba, geti linasimama. Mafundi wa kenchi wanalijua hili, ndiyo maana hawatupi mbao za mshazari ovyo.

Kwa hiyo ukipewa swali la digrii za uhuru, fanya hivi. Hesabu kwa kutoa, sawa, ni haraka. Kisha piga ile simu kichwani: rafiki yangu anahitaji namba ngapi? Majibu yakilingana, endelea. Yakipishana, iamini simu, rudi kwenye masharti yako, na uliulize kila moja: wewe unasema nini ambacho wenzako hawajasema?

Deni

Nimefikiria mara nyingi ni nini ningefanya siku ile. Sikuhitaji kujua jibu. Ningeweza kusema, "Sijui. Jiwe tunajua linasogea, kwa hiyo kanuni yangu ina tatizo mahali. Tulitafute." Dakika kumi za kipindi zingepotea, na pengine alama mbili za msimamizi. Darasa lingeondoka likijua kwamba kanuni ya mwalimu inaweza kupimwa kwa jiwe, na jiwe likashinda.

Badala yake nililinda ubao wangu. Tunasoma Ualimu miaka mitatu, tunafundishwa kuandaa azimio la kazi, andalio la somo, malengo mahususi. Ila ile sekunde mwanafunzi anapouliza kitu kilicho sahihi na wewe huna jibu, hakuna andalio linalokusaidia. Unabaki na chaguo mbili tu, kusema hujui au kumnyamazisha.

Wale wa Kidato cha Sita walifanya mtihani wao Mei, na wiki hizi mwaka wa kwanza wanaripoti vyuoni. Nimeshaandika jibu hili kwa mkono, na michoro yake, nikalituma shuleni kupitia mwalimu aliyenipokea. Sijui kama limemfikia. Kama ni miongoni mwa hawa waliopanga foleni ya usajili na mabegi yao, na kurasa hizi zimemwangukia pale kwenye vimbweta, basi ajue hivi: swali lako lilikuwa sahihi, hesabu zako zilikuwa sahihi, kilichokosewa ni maelezo yangu. Ni sita. Saba, nane, hata milioni, ni sita.

Na ukinikuta, nyoosha mkono.